Tafakari ya Juma: Sauti Inapopotea, Tusiseme "Vumilia"



Wapendwa waamini, Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi alinifuata sakristia. Alikuja kuomba radhi kwamba hataweza kuimba kwaya kwa muda usiojulikana. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, nikalazimika kuinama ili nimsikie. Alisema imempotea tangu shule zilipofunguliwa, na kwamba wenzake wamemwambia avumilie, itarudi yenyewe. Nikamwuliza ni wiki ngapi sasa. Akajibu: saba.

Nilimwomba aketi, nikamsimulia kisa ambacho leo nawasimulia ninyi nyote. Nimetambua kwamba tangu nihamishiwe hapa Korogwe sijawahi kukisimulia, na kukinyamazia ni kuongeza kosa juu ya kosa. Mhusika mwenzangu katika kisa hiki ameniruhusu kukiandika. Jina lake nalihifadhi.

Mwaka 2023 nilikuwa bado paroko upande wa Handeni. Wanaoifahamu Handeni wanajua jinsi jua la Februari na Machi linavyowaka kabla ya masika, na jinsi vumbi jekundu linavyomfuata mtu wa pikipiki hadi altareni. Kila Jumapili niliadhimisha Misa tatu katika vigango vitatu. Viwili kati ya hivyo havikuwa na umeme, wala kipaza sauti. Kwaresima ile nilihubiri kwa sauti kubwa, niliongoza Njia ya Msalaba kila Ijumaa, na katikati ya juma nilifundisha watoto wa Kipaimara. Kufikia Jumapili ya pili ya Kwaresima nilikuwa nimepwelewa sauti kabisa.

Ndugu zangu, mnajua jinsi waamini wanavyompenda padre wao anapougua. Nililetewa asali, tangawizi, malimau na majani ambayo sikuyajua majina. Mimi mwenyewe nilinunua amoksilini katika duka la dawa, mara mbili, bila kumwuliza mtu. Kisha mzee mmoja wa Halmashauri Walei akaniambia kwa upole, "Baba Paroko, hicho ni kimeo. Kimerefuka. Kuna fundi hapa jirani, anakata mara moja tu, hata damu haitoki sana." Nilicheka, lakini nakiri mbele yenu kwamba juma lililofuata nilikuwa nimeanza kulifikiria jambo hilo.

Aliyenizuia alikuwa Sista mmoja mwuguzi. Alinitazama kooni kwa tochi, akasema: "Padre, kimeo chako ni kizima. Sauti haitoki hapo. Nenda kwa bingwa akatazame chini zaidi." Nikamjibu kwamba baada ya Pasaka nitakwenda. Akasema: "Utakwenda kabla ya Pasaka, ama nitamwandikia Askofu." Basi nikashuka Korogwe kwa ile barabara ya lami ya kilometa 65, nikapanda basi, nikaenda katika hospitali moja ya rufaa.

Daktari bingwa wa masikio, pua na koo alikuwa kijana kuliko mimi. Alinipulizia dawa ya ganzi, akapitisha puani mrija mwembamba wenye taa na kamera, akanionyesha kooni mwangu katika kioo cha kompyuta. Niliona kwa macho yangu nyuzi za sauti, mikunjo miwili midogo iliyo ndani ya zoloto, ikikutana na kuachana. Katikati ya kila mmoja palikuwa na kinundu, kimoja kikitazamana na kingine, kama sugu mbili za mkono wa mkulima. Daktari akaeleza kwamba mwanamume anaposema, mikunjo hiyo hugongana zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja, na kwa mwanamke takriban mara 200. Hubiri la nusu saa, hata ukiondoa vituo vya kupumua, ni makofi zaidi ya laki moja. Nami nilikuwa nikiyafanya hayo mara tatu kwa asubuhi moja, kwa kupiga kelele, na koo kavu.

"Hii itapona bila kisu," akasema. "Lakini kwa nini ulikaa wiki sita?" Sikuwa na jibu. Akaendelea, kama mtu anayejaza fomu: "Na huko parokiani, kuna mwingine mwenye sauti ya namna hii?"

Hapo, wapendwa, ndipo moyo wangu uliposhtuka.

Alikuwapo. Alikuwa katekista wangu wa kigango cha mbali, mzee wa miaka sitini na ushei, aliyewaandaa kwa Ubatizo watu wengi kuliko ninaoweza kuwahesabu. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza wakati wa mavuno ya mahindi ya mwaka uliotangulia. Mwezi Novemba alinijia kwa miguu, akaniomba nimpumzishe kuongoza Ibada ya Jumapili bila padre, maana koo lilikuwa linamchosha. Nami nilimjibu nini? Nilimwambia: "Vumilia, Mwalimu, mpaka Pasaka. Unajua sina mwingine." Akasema, "Sawa, Padre," akarudi kwake kwa miguu. Jumapili iliyofuata nikahubiri juu ya kuubeba msalaba bila kunung'unika, na nikamtaja yeye kuwa mfano.

Ilikuwa miezi minane tangu sauti ibadilike. Nilimweleza daktari. Hakunilaumu. Alisema tu: "Mlete juma hili hili."

Nilimleta. Kumbe alikuwa amekwisha kwenda zahanati mara mbili akapewa vidonge, na kwa fundi alikuwa amekwisha kukatwa kimeo. Ilionekana uvimbe upande mmoja wa nyuzi za sauti; kinyama kikachukuliwa na kupimwa, na majibu yakasema ni saratani ya zoloto. Alikuwa amevuta tumbaku tangu ujana wake katika mashamba ya mkonge, ingawa aliiacha zamani. Ugonjwa ulikuwa umesonga mbele. Kwa kuokoa maisha yake, madaktari waliliondoa zoloto lote, wakamfungulia tundu shingoni la kupumulia. Sauti niliyokuwa nimeizoea kwa miaka minne ikaisha siku ile.

Wapendwa, kwa nini nawaeleza habari nzito kama hizi? Si kwa kuwatisha. Wengi wenye sauti iliyopotea hawana saratani, hata kidogo. Nawaeleza kwa sababu tunalidharau jambo ambalo limeenea sana na ambalo kwa kawaida linatibika, na dharau yetu ndiyo inayowaumiza wachache wasiopaswa kusubiri.

Je, limeenea kiasi gani? Nchini Marekani, takwimu za kitaifa za mwaka 2012 zilionyesha kwamba watu wazima wapatao milioni 17.9, yaani mtu 1 kati ya 13, walikuwa wamepata tatizo la sauti ndani ya mwaka mmoja. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Na sikieni hili: katika kila 10 wenye tatizo, ni 1 tu aliyekwenda kwa mtaalamu wa afya. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye hospitali kila upande, itakuwaje kwa mtu wa kigango cha mbali?

Utafiti mwingine wa huko huko, uliotolewa mwaka 2004, uliwalinganisha walimu na watu wa kazi nyingine. Katika walimu, asilimia 57.7 walisema wamewahi kupata tatizo la sauti katika maisha yao. Kwa wasio walimu ilikuwa asilimia 28.8. Sisi wa Korogwe na Handeni tuna vyuo vya ualimu, na takriban kila familia ya parokia hii ina mwalimu. Serikali imeweka kipimo cha wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, lakini tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 wengi wenu mnafundisha madarasa makubwa zaidi ya hapo, kwa vumbi la chaki na bati linalonguruma mvua inaponyesha. Mwalimu anayepwelewa sauti hajafanya uzembe. Ameumia kazini, kama mkata mkonge anayejikata mkono.

Sasa niwaeleze niliyojifunza, kwa ufupi, na kwa lugha ya mtu asiye daktari.

Kwanza, sauti inayopotea pamoja na mafua kwa kawaida hurudi ndani ya juma moja au mawili. Mara nyingi chanzo ni virusi, na antibiotiki haziviui. Zile dozi mbili za amoksilini nilizomeza zilikuwa fedha iliyotupwa. Kinachosaidia ni maji, mvuke, na kupunguza maneno. Kunong'ona kwa nguvu si kupumzika. Nako huchosha koo.

Pili, sauti isiyorudi baada ya wiki 4 itazamwe kwa kifaa, si kwa kukisia. Huo ndio mwongozo ambao madaktari wa koo wa Marekani waliutoa upya mwaka 2018, nao unaongeza kwamba asiyepaswa kusubiri hata wiki hizo ni yule mwenye dalili za hatari: anayevuta sigara au tumbaku, mwenye uvimbe shingoni, anayekohoa damu, anayemeza kwa shida, anayehema kwa shida, aliyekonda bila sababu, au aliyepoteza sauti baada ya upasuaji wa shingo, kwa mfano wa rovu. Kwetu tuongeze kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, maana kifua kikuu nacho huweza kushuka kwenye zoloto. Vipimo na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Na mtoto mwenye sauti ya kukwaruza kwa miezi, anayehema kwa mlio, asitibiwe pumu tu bila kutazamwa koo. Wapo watoto wanaoota vijinyama kwenye nyuzi za sauti, na vijinyama hivyo huweza kuziba njia ya hewa.

Inafurahisha kujua kwamba aliyetufungulia njia ya kuliona zoloto la mtu aliye hai hakuwa daktari. Alikuwa Manuel García, Mhispania, mwalimu wa uimbaji, ambaye mwaka 1854 alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua kuzitazama nyuzi zake mwenyewe. Alitaka kujua sauti inatoka wapi. Ninyi wanakwaya mna haki ya kujivunia mwenzenu huyo.

Tatu, tiba hutegemea chanzo. Vinundu kama vyangu kwa kawaida hutibiwa kwa mazoezi na kubadili mazoea, bila kupasuliwa. Niliamriwa ninyamaze kwa siku kadhaa, kisha niseme kidogo kidogo. Ninywe maji mara kwa mara. Niache kukohoakohoa eti nasafisha koo. Nisile usiku sana, maana tindikali ya tumboni ikipanda huunguza zoloto. Nilifundishwa kupuliza mrija ndani ya glasi ya maji huku nikitoa sauti ya "uuu", mapovu yakipanda, dakika chache mara kadhaa kwa siku. Mpishi wa parokia alidhani nimerukwa na akili. Uvimbe wa aina nyingine huondolewa kwa upasuaji mdogo kupitia mdomoni. Upo pia ugonjwa wa nadra ambao misuli ya zoloto hukazika yenyewe na kukatakata maneno. Huo hutulizwa kwa sindano ya botulini, ambayo nguvu yake hudumu miezi michache kisha hurudiwa. Mshipa wa fahamu uliopooza nao una tiba zake. Na saratani ya nyuzi za sauti ikigunduliwa mapema, kwa mionzi au upasuaji mdogo, wagonjwa walio wengi hupona na kubaki na sauti yao. Kubadilika kwa sauti ndiyo dalili yake ya mwanzo kabisa. Mungu ameiwekea kengele, nasi tunaambiana tuvumilie kengele.

Nne, kimeo. Najua nagusa desturi ya wazee wetu wa Tanga na Pwani, nami siwadharau. Lakini kimeo kinaning'inia nyuma ya kaakaa, na sauti inatengenezwa chini yake, ndani ya zoloto. Kukikata hakuziponyi nyuzi za sauti. Kisu kinaweza kuleta kutoka damu kwingi, usaha, pepopunda, na kama kimetumika kwa wengine, hata virusi vya UKIMWI. Zaidi ya hayo, kinampa mgonjwa matumaini ya miezi mitatu ambayo hakuwa nayo ya kupoteza.

Mtaniuliza: Padre, si tumefundishwa kuvumilia mateso pamoja na Kristo? Tumefundishwa, na mafundisho hayo ni ya kweli. Nikiwa frateri mwaka 2005 nilimwona kwenye televisheni Papa Yohane Paulo wa Pili, Jumapili ya Pasaka tarehe 27 Machi, alipofika dirishani ili kuwabariki watu wa Roma na ulimwengu. Ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umemdhoofisha kwa miaka mingi. Kipaza sauti kililetwa, akajaribu kusema, na sauti haikutoka. Akainua mkono, akachora msalaba hewani. Sisi mafrateri tulilia. Siku sita baadaye, tarehe 2 Aprili, alifariki. Miaka mingi nimelitumia tukio hilo katika mahubiri kama mfano wa uvumilivu, na kwa muda huo wote nimekuwa nikisahau kusema jambo moja: kwamba mwezi mmoja kabla ya hapo, tarehe 24 Februari, alikubali kulazwa hospitali ya Gemelli na kupasuliwa koo ili aweze kupumua. Aliubeba msalaba, na aliwaruhusu madaktari wafanye kazi yao. Mimi nilimpa katekista wangu nusu ya kwanza ya mfano huo nikamnyima nusu ya pili, kwa sababu nusu ya kwanza ndiyo iliyonifaa mimi mpaka Pasaka.

Pasaka ile ya 2023 Mbiu ya Pasaka haikuimbwa na mimi. Iliimbwa na kijana wa kwaya, nami nikasimama karibu na Mshumaa, nimefumba mdomo. Kufikia Agosti vinundu vyangu vilikuwa vimeisha. Sauti mnayoisikia Jumapili ni ile ile, ila siku hizi nahubiri dakika kumi na mbili, kwa kipaza sauti cha betri. Wapo wanaosema ugonjwa ule ulikuwa neema kwa wasikilizaji.

Nilipokwenda kumwona katekista wodini, nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi ya kuomba msamaha. Nilisema machache tu, nikashindwa. Alikuwa na daftari la shule na penseli, kama Zakaria na kibao chake. Akaandika: "Nawe ulikuwa mgonjwa, Padre." Kisha akageuza ukurasa akaandika: "Watoto wa Komunyo wanaendeleaje? Usiwaache bila mwalimu."

Hakuachwa bila watoto. Jumuiya Ndogo Ndogo zilichanga nauli zake za kliniki. Leo anafundisha kwa ubao na chaki. Yeye huandika, na binti mmoja wa kidato cha tatu husoma kwa sauti. Wageni huuliza kwa nini darasa lile lina utulivu kiasi kile. Lakini nisiwadanganye: hataimba tena, na mvua ikinyesha huogopa maji yasimwingie shingoni. Hayo hayakurudi kwa sababu nilimwomba msamaha.

Ndugu zangu, juma hili nawaombeni mambo mawili. Kila kiongozi wa Jumuiya aulize: ni nani kati yetu ambaye sauti yake imebadilika kwa zaidi ya wiki nne? Majina yaletwe ofisini, nasi tutasaidiana. Njia yetu ya kawaida ni kuanzia zahanati au Hospitali ya Magunga, kuomba rufaa kwenda Bombo, na inapohitajika KCMC Moshi au Muhimbili, ambako wako mabingwa wa koo. Fedha isiwe sababu ya mtu kubaki nyumbani kabla hatujaambiwa. Na ninyi wakuu wa shule mlio waamini wetu, mwalimu akiwaambia koo linamchosha, msimjibu kama nilivyojibu mimi.

Tarehe 3 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Blasi, askofu na shahidi, nitawabariki makoo kama kawaida yetu, kwa mishumaa miwili iliyopishanishwa shingoni. Njoni wote. Lakini mwenye wiki nne aje amekwisha kuonana na daktari, au aje na tarehe ya kwenda.

Yule mama mwalimu amenijulisha jana kwamba amepata rufaa ya Bombo, Alhamisi ijayo. Tumkumbuke katika sala zetu.

Nawatakia juma jema. Mwenyezi Mungu awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu